Ukurasa wa Arobaini

Juzi, kwenye duka la kompyuta hapa Mtwara, nilimkuta bibi mmoja wa Ziwani na kikompyuta cha mkononi alicholetewa na mwanawe kutoka Maskati. Alitaka kitabu cha darsa lao la akina mama kiingizwe humo, kwa kuwa macho yake yamechoka.

"Kipo kwa namna mbili, bibi," fundi akamwambia. "Hiki kurasa zake ni zilezile za karatasi, ila herufi ni ndogo. Hiki herufi zinakuzwa, lakini kurasa nazo zinaongezeka."

"Ustadhi akisema tufungue ukurasa wa arobaini?"

"Kwako wewe utakuwa wa mia na kumi."

Bibi akavuta mtandio mdomoni. "Mke mwenzangu hukaa ubavuni kwangu, mwanangu. Atawatangazia watu kwamba nimezeeka. Nipe hicho cha herufi ndogo."

"Lakini hutaona kitu, bibi."

"Sitaona, ila nitakuwa nimefungua walipofungua wenzangu."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mungu anisamehe, mimi nina miwani mizuri, na kila darsa nafungua walipofungua wenzangu, halafu nasinzia.