Mwaka Chini ya Korongo

Bahasha ilifika tukiwa bado katika matanga ya kaka yangu. Ilipitia sanduku la posta la parokia ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, maana kwetu Goma ukingoja barua utazeeka. Ndani mlikuwa na picha moja tu. Kaka amesimama mbele ya ukuta wa udongo, suruali imemzidi kimo, na nyuma ya picha ameandika kwamba yuko kambini Uganda, na jina la kambi hiyo, tumjibu. Hakuweka tarehe, na muhuri wa posta ulikuwa umefutwa na mvua.

Alikuwa amekimbia vita miaka mitatu nyuma. Wiki chache kabla ya bahasha hiyo, mtu wa kwetu aliyetoka Uganda alituambia kaka amekufa njiani akijaribu kurudi. Mama alikuwa bado analala chini, kwenye mkeka wa msiba. Alipoishika picha aliinuka, akaanza kutafuta viatu vyake.

Papa akamwambia angoje kwanza. Papa aliamini kila kilichopitia mashine ya kuchapa. Mkebe wa maziwa ukipita tarehe yake kwa siku moja, aliutupa hata kama watoto walikuwa na njaa. Akasogeza timbre, ile stempu ya bahasha, kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na picha ya korongo mwenye taji, na chini ya miguu yake, kwa tarakimu ndogo sana, mwaka.

"Unaona hapa? Ni ule mwaka alitoka," alisema. "Hii barua ilipotea njia, ndiyo inafika leo. Mutoto alituandikia wakati alikuwa angali muzima."

"Na mwaka haiwezi kosea?"

"Iko imprimé, mama, ni mashine ilichapa."

Mama akavua viatu, akarudi mkekani.

Jumamosi iliyofuata tulimaliza matanga. Tulinyolewa nywele, tukala, tukagawana nguo zake. Koti lake jeusi lilichukuliwa na mjomba wa mtaa wa Keshero, na lilimbana. Picha ikatundikwa ukutani na rozari juu yake. Hakuna aliyejibu. Ungemwandikia nini marehemu?

Miaka ikapita, Papa naye akafariki. Mimi nikaanza biashara ya vitenge, na safari moja, katika mji mdogo wa Uganda, niliingia posta kutuma karatasi za forodha. Mama wa dirishani alichana timbre kutoka kwenye karatasi nzima ya timbre. Korongo yuleyule. Chini ya miguu yake, mwaka uleule.

Nikamuuliza kwa Kinyarwanda, kinachoeleweka hata huko karibu na mpaka, kwa nini anauza timbre za zamani hivyo.

"Si za zamani, zimeletwa juzi," akajibu. "Huo ni mwaka mchoro ulipotengenezwa. Wakichapa tena, wanarudia mchoro uleule na mwaka wake."

Nililipa, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za posta na kulia mbele za watu. Nilimkasirikia Papa kwa hasira ambayo sijawahi kumkasirikia mtu aliye hai. Kisha nikapanda gari kwenda kambini.

Kaka hakuwepo. Aliyekuwa jirani yake, mama mmoja wa Rutshuru, alinipa kigoda na kunieleza polepole. Alisema kaka alituma picha ile akiwa amekwisha kukaa kambini miaka karibu mitatu. Kila barua zilipoletwa alikuwa wa kwanza kusimama ofisini. Baadaye habari zikafika kwamba vita vimeingia Goma, naye akaacha kwenda.

"Alisema nyinyi wote muliisha," mama yule akaniambia. "Akawafanyia matanga. Kiisha akaenda, hatujue wapi."

Nilirudi Goma, mtaani kwetu Mapendo, nikiwa nimeapa kutomwambia Mama. Sikuweza. Alinisoma usoni kabla sijatua mzigo, nami nikamwaga yote: timbre, posta, kambi, matanga yetu kule.

Hakulia. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Nilifikiri ataniuliza kaka yuko wapi.

"Hayo matanga," aliuliza mwishowe, "nani alipikia watu?"

Nikamwambia nilivyosikia: alipika mwenyewe, maharage, na majirani wachache wakaja.

"Ule mutoto wangu hakujua kupika," Mama akasema. Akasukuma ungo pembeni, akaenda kutafuta viatu vyake.