Kocha Ashike Mwiko

Nilikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza Kenya kulipwa mshahara kwa kucheza mpira wa kikapu, lakini mechi ikiisha tulishika mwiko. Timu ya wanaume iliketi, sisi tukawapakulia, hata siku ambayo sisi tumeshinda na wao wamechapwa. Kocha wetu ndiye aliyetaka hivyo. Siku niliyokataa aliniondoa kikosini, fainali ikiwa mlangoni, na hakuna timu nyingine iliyonichukua tena. Sijamsamehe. Pasta wangu anajua, na amechoka kuniombea.

Mwaka jana nikasikia kocha huyo amehamia kwa mwanawe Toongabbie, mtaa usio mbali na kwangu huku ughaibuni, na kwamba amepewa timu ya wasichana wa huko. Mimi sasa ni muuguzi, na Jumamosi nafundisha akina mama wa Mount Druitt, wengi wao Wakongo, wanaofika mazoezini hoi kutoka kazini, maghalani na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Bonanza letu la Waafrika lina desturi moja: kocha aliyeshindwa fainali huwapakulia washindi chakula kwa mkono wake mwenyewe. Niliwakimbiza wale akina mama bila huruma. Kombe sikulitaka hata kidogo. Nilimtaka yeye na mwiko.

Fainali ilichezwa Quakers Hill, sisi dhidi ya wasichana wa kocha. Alinisalimia vizuri, akaniita binti yangu, nami nikaitikia huku nikichemka. Mzee hajabadilika. Kila mpira wake bado unapitia kulia, kwa yule mchezaji mrefu kuliko wote.

"Coach, ule murefu, tumukamate bawili?" mlinzi wangu aliniuliza.

"Wawili. Asipumue."

Hakupumua. Tulishinda, na sufuria ya pilau ikaletwa.

Kocha alisimama nyuma ya meza, mwiko mkononi, asijue aanzie wapi. Mkewe akainuka upesi, kama ambavyo bila shaka ameinuka maisha yake yote.

"Lete, Baba, wacha mimi niwapakulie."

"Mama, kaa tu," nikamwambia. "Rules ni rules. Leo kocha ndiye anapakua."

Alimtazama mumewe, akanitazama mimi. Kisha akachukua sahani, akaja kusimama nyuma yangu kwenye foleni.

Kocha alinipakulia pilau kidogo, akangoja niondoke. Sikuondoka.

"Ongeza," nikasema.

Akaongeza, bila kuniangalia usoni. Mkewe alikuwa tayari ameinua sahani yake.