Mahali Kipande Kilikatika

Karani anayeingiza majibu ya vipimo vya urithi kwenye kompyuta ya hospitali yetu hubonyeza kwa kidole kimoja, tena kila kitu hukinong'ona kwanza: kromosomu ya tano, mkono wake mfupi, kipande hakipo. Ukimharakisha, hupuliza chai iliyokwisha kupoa, kisha huanza upya. Hutuudhi kweli. Juzi bibi mmoja mzee wa Siakago alimwinamia, mkaza mwanawe akiwa nyuma na mtoto aliyepimwa.

"Hiyo shida imetoka wapi? Kwetu ama kwa huyu mama yake?"

Kidole kikasimama hewani. Karani akamgeuzia skrini.

"Shosho, hapa tunaandika mahali kipande kilikatika. Pa kuandika makosa ni ya nani, hakuna. Tafuta mwenyewe."

Bibi aliikodolea macho skrini kwa muda. Kisha akageuka, akanyoosha mikono, akampokea mtoto.