Nilisusa Msaragambo Nikingojea Gari Liruke

Jamani, kosa ni langu, na shetani msimsingizie. Siku ile alikuwa na shughuli zake.

Mie ni mtu wa nyumbani, hapa kijijini Ole. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani. Hapo barazani, simu mkononi, nikaona gari linalopaa! Linanyanyuka palepale, linaondoka. Nikasema basi, barabara zimekwisha kazi duniani!

Wiki hiyohiyo sheha akatangaza msaragambo: wanaume wote watoke na majembe, tutengeneze njia ya kijiji kwa mikono yetu. Wakachimba mpaka kwa jirani yangu, Mzee Kombo. Ikabaki nyumba ya mwisho, yangu, na kiteremko chake cha udongo.

"Bwana weye, teremka!" Mzee Kombo akaniita.

"Mzee wangu, mnachimba nini? Watu wanaruka! Hapa kwangu pawacheni hivihivi, ndipo litakapotua."

Wakacheka, wakafunga kazi.

Nami nikajiona mtaalamu! Sikujiuliza litatuaje katikati ya mikarafuu, wala upepo wake utazipeleka wapi karafuu za watu zilizoanikwa majamvini. Na betri itachajiwa kwa umeme upi, huu unaokatika wingu likipita? Likizimika angani, nimwite fundi baiskeli?

Masika yakaingia. Mke wangu akashikwa na uchungu. Gari la kukodi likafika kwa Mzee Kombo, likasimama. Mbele ni tope la magotini.

"Mie sipiti hapo," dereva akasema.

Waliokuja kumbeba mke wangu juu ya kitanda ni walewale wa majembe. Wanateleza, yeye analia, na mmoja ananiuliza huku anahema: "Bwana mkubwa, hilo la kuruka limechelewa wapi?"

Astaghfirullahi! Nilitamani ardhi inimeze.

Alijifungua salama, alhamdulillahi. Lakini alipotoka hospitali alikwenda kwa mama yake Mgogoni, na mtoto wetu. Nilipomfuata, akanijibu akiwa kizingitini:

"Nitarudi gari likifika mlangoni. La magurudumu!"

Sasa nachimba peke yangu. Mvua ikinyesha, nilichochimba kinajaa tope, naanza tena. Mzee Kombo akipita husema, "Pole na kazi, rubani." Nasikia mwanangu ameanza kucheka. Sijui cheko lake likoje.

Nanyi mlio barazani na simu zenu, msaragambo ukitangazwa, tokeni! Njia ya wengi ni kazi ya asubuhi moja. Ya mtu mmoja haina mwisho.