Mdomo Wazi wa Mama

Jana mjukuu wangu alikuwa anapaka fremu ya dirisha rangi ya mafuta, na harufu yake ikanirudisha kwenye chumba chetu cha Kimandolu, mama akiwa ameketi penye mwanga, Biblia magotini.

Jumuiya ya sala ilikuwa inakuja kwetu kesho yake, na kwa desturi mwenye nyumba ndiye husoma somo. Kila zamu yetu ilipofika, mama alikipokea kitabu na kumpa jirani, akisema miwani imepotea. Hakuwahi kuwa na miwani. Sasa alikuwa amejifunza kusoma, lakini ilikuwa lazima atamke kila silabi kwa sauti.

Mpangaji wetu, mchora mabango, alikuwa anamchora kwenye kipande kidogo cha ubao.

"Mama, funga mdomo kidogo, nimalize."

"Nikiufunga, sisomi."

"Watu watasema nimechora mtu anayepiga miayo!"

"Waache waseme, mwanangu. Kesho nasoma."

Niliketi miguuni pake nikimenya njegere, nikisikia neno "rehema" likikatika, likirudiwa, mpaka likatoka zima. Mama akacheka. Mpangaji akaacha kulalamika, akauchora mdomo kama ulivyokuwa.

Picha hiyo ipo ukutani kwangu. Namshukuru Mungu mchwa hawajaigusa. Mjukuu aliisogelea, brashi mkononi.

"Bibi, huyu anasema nini?"

"Rehema," nikamwambia. "Na kesho yake aliisoma mbele ya jumuiya nzima, jirani akiwa amemnyooshea mkono apewe kitabu."