Miguu ya Ukutani

Nilipokuwa mtoto, ukuta wa nyuma wa karakana ya baba ulikuwa umejaa miguu. Ilikuwa miguu ya katoni, iliyokatwa kwenye maboksi ya sabuni na ya maziwa ya unga, kila mmoja umetobolewa kisigino na kutundikwa msumarini kwa uzi. Baba alikuwa fundi wa kandambili za mpira wa gari, pale mtaani Buyenzi. Mteja alivua kiatu, akakanyaga katoni, baba akazungusha penseli na kuandika jina katikati. Alipima mguu wa kulia tu; wa kushoto aliupata kwa kuigeuza katoni. Kisha alichovya kisu kwenye maji ya sabuni ili kisikwame, akakata tairi kwa kufuata mstari ule.

Kandambili ziliondoka na mwenyewe, kipimo kikabaki. Juu ya vipimo hivyo bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kipimo cha mtu aliye hai hakitupwi wala hakichomwi, maana ni unyayo wake, na mtu aliyechomewa unyayo hupoteza njia ya kurudi kwao. Ya pili, mtu akifa na ikathibitika kwamba amekufa, kipimo chake hushushwa, hukatwa vipande viwili na kuzikwa uani, ili mguu upumzike. Mwaka ninaousimulia vita vilikuwa vimeshakaa mjini, na ingawa hatukuwa na bustani, jembe letu halikukosa kazi.

Kila Ijumaa asubuhi bibi alipita ukutani na kitambaa kikavu, akapangusa mguu mmoja mmoja, kuanzia kisigino. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, kwa hiyo alisoma kwa vidole.

"Huyu anatembea kama bata," alisema. "Na huyu, mguu wote huu, apana, angevaa mutumbwi."

Mguu mmoja hakuutania. Ulikuwa wa baba mdogo Ramadhani, kitinda mimba wake. Alikuwa amevuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira, ng'ambo, kutafuta matairi ya zamani, akasema atarudi baada ya siku tatu. Vita vikawaka na upande ule, mpaka ukafungwa, siku tatu zikawa miezi mitano. Hatukupata barua wala mtu aliyemwona. Tulichokuwa nacho ni kile kipande cha katoni, na bibi alikipangusa polepole kuliko vingine vyote.

Kosa langu nililifanya siku ya *ville morte*, moja ya zile siku ambazo njia zilifungwa kwa mawe na hakuna aliyethubutu kutoka. Nilikuwa na miaka tisa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, paa likavuja, na baba alikuwa ameshusha mstari wa chini wa vipimo na kuviweka mezani vikauke. Bibi alikuwa na homa, anatetemeka. Baba, akiwa mlangoni akisikiliza milio ya risasi kutoka upande wa Kamenge, aliniambia niwashe imbabura, jiko letu la mkaa, nimchemshie chai. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha na mkaa umelowa. Mezani niliona makaratasi magumu kando ya mabaki ya kazi, nikadhani nayo ni ya kutupa. Nilichukua ya juu, sikusoma, nikachana.

Moto uliwaka vizuri. Bibi alikunywa chai, akaacha kutetemeka, nami nikajiona mtu mzima. Nilipokwenda kutoa majivu nilikuta kipande ambacho hakikuungua, chenye herufi za mkono wa baba: DHANI. Ukutani kwetu hapakuwa na Ramadhani mwingine.

Sikumwambia mtu. Niliingia uvunguni, nikatoa kandambili za zamani za baba mdogo, nikaweka ya kulia juu ya boksi la maziwa na kuizungushia penseli. Niliiga mwandiko wa baba, nikatoboa kisigino, nikapaka vumbi la mkaa ili katoni ionekane ya siku nyingi. Vipimo vilipokauka niliomba mwenyewe kuvirudisha ukutani, na baba akanisifu.

Ijumaa ikafika. Nilikuwa nafagia vipande vya mpira, nikimtazama bibi kwa pembe ya jicho. Vidole vyake vilianza kisiginoni, vikapanda kwa upande wa nje, vikafika mahali pa kidole cha mwisho, vikasimama. Vilirudi nyuma, vikapita tena.

Nilikumbuka hapo hapo. Kidole cha mwisho cha mguu wa kulia wa baba mdogo kilitoka nje, tangu alipokivunja utotoni akicheza mpira. Penseli ilikizunguka kwenye katoni, lakini kwenye tairi baba alikata moja kwa moja, kikabaki nje ya kandambili. Baba alizoea kumtania, "Rama, hicho kidole chako kinatafuta njia ya Uvira peke yake." Mimi nilikuwa nimechora kandambili, si mguu.

"Ni nani alishusha huu muguu?" bibi akauliza.

"Ni mi, mama. Juu ya mvua," baba akajibu.

"Na nani aliurudisha?"

"Mutoto."

Aligeuza uso upande wangu. Nilingoja, ufagio mkononi. Kisha alimaliza kupangusa mguu ule mpaka mwisho, akaenda kwenye mguu uliofuata.

Siku mbili baadaye nilipita ukutani nikaona kitu. Mahali pa kidole cha mwisho palikuwa pameshonewa kipande cha katoni, kikubwa kama punje ya haragwe, kwa uzi mweusi. Mishono ilikuwa mirefu na imepinda, kazi ya mtu asiyeona sindano yake. Nilisimama pale mpaka nikasikia sauti nyuma yangu.

"We mutoto."

"Labeka, bibi."

"Siku ingine ukipima, uniulize. Mi ndio nilizaa ule muguu."

Hakumwambia baba, na hakulitaja tena.

Baba mdogo hakurudi. Mpaka ulifunguliwa, watu wengi walirudi, wengine baada ya kusomewa hitima, lakini yeye hakurudi. Bibi alikufa mguu ule ukiwa bado msumarini. Mimi nilikua nikiamini kwamba niliichoma njia yake jikoni. Nilipofika chuo kikuu nikasoma historia, na nilitafuta asili ya sheria zile kama mtu anayetafuta kupunguziwa adhabu. Hofu ya unyayo niliikuta kila mahali. Wazee wa ukoo wa bibi, ambao walitoka Ujiji, walinieleza habari za watu kuchotewa mchanga waliokanyaga ili walogwe. Lakini kipimo cha katoni hakiwezi kuwa cha kale kuliko boksi la sabuni, na kandambili za tairi zilikuja baada ya malori. Mafundi wengine wa Buyenzi niliowauliza walinishangaa. Wao walitupa tu.

Mwishowe nilimuuliza baba. Ilikuwa Jumapili mchana, nimempeleka mchumba wangu Zuhura kumsalimia.

"Ile sheria?" baba akasema. "Mama aliileta wakati Rama amechelewa kurudi. Zamani, vile vipimo tulikuwa tunawashia moto."

Sheria niliyoiona ya tangu dunia ilikuwa na umri wa miezi michache siku nilipoivunja. Zuhura alinitazama, maana nilikuwa nimeshamsimulia. Kisha akavua kiatu.

"Baba mukwe, unipime na mi."

Baba akatafuta boksi, mimi nikashikilia katoni, na Zuhura akacheka kwa sababu penseli ilimtekenya.

Zuhura, mke wangu, alifariki mwaka jana, baada ya ugonjwa wa miezi minne. Nguo na viatu vyake tuligawa, kama desturi inavyotaka. Katoni haikuombwa na mtu. Iko kwenye msumari juu ya meza yangu ya kazi, hapa mtaani Mutanga Sud, katika nyumba ambayo sasa nasikia friji ikijiwasha na kujizima.

Baba aliponieleza, nilidhani bibi aliitunga sheria ya kwanza ili mwanawe arudi. Siku hizi naifikiria zaidi ile ya pili, ya kukata na kuzika. Aliitumia kwa majirani, akajua vizuri inafanywaje, na kwa Rama hakuipata nafasi, maana hakuna aliyekuja kumthibitishia. Mimi ninacho alichokikosa. Nilimpokea Zuhura kaburini kwa mikono yangu, najua alipolala, najua sheria ilitungwa na nani na lini.

Mkasi uko mezani tangu juma lililopita. Leo Ijumaa nimeshusha katoni, nimeipangusa kwa kitambaa kikavu, kuanzia kisigino, nikapita kidole kwa kidole mpaka cha mwisho. Kisha nimeirudisha.