Kilo za Binti Yangu

Kwetu Nyabiondo, kila mama anayekuja kupongeza uzazi lazima ampakate mtoto. Ukikataa, watasema una kijicho. Basi mzaliwa wangu wa kwanza alizungushwa mapajani mwa nusu ya kijiji, hata kwa jirani aliyekuwa akipiga chafya. Siku chache baadaye akakataa ziwa. Kila alipovuta pumzi, mbavu zilizama ndani. Muuguzi alimwekea oksijeni, akaniambia, "Mama, mafua ya mukubwa inashukaka mu kifua ya mutoto. Kwako iko kitu kidogo, kwake hapana." Mtoto alipona. Mimi nilibaki na hofu.

Ndiyo maana binti yangu alipozaliwa huku Walikale, tulikohamia, nilikuwa mkali kama askari wa kizuizi cha barabarani. Mama yangu alikuja kwa pikipiki, siku nzima ya matope, na kitenge kipya cha kumbebea mjukuu. Alishuka akikohoa.

"Ni baridi ya njia tu," alisema.

"Mama, ungoje kwanza kikohozi iishe."

Akacheka. "Weye nilikubeba na mafua, na haukukufa!"

Sikulegea. Alilala kwa jirani, na mchana aliketi uani akichambua maharage. Nilipomnyanyua mtoto mlangoni ili amwone, mikono ya mama ilijikunjua yenyewe kupokea, kisha akairudisha kwenye ungo. Moyo uliniuma sana. Siku ya tano tukasikia vita vinaikaribia barabara. Baba alikuwa amebaki peke yake shambani, mama akaogopa njia isije ikamfungia huku. Aliondoka asubuhi ileile, bado anakohoa. Kitenge aliniachia.

Mpaka leo hatujaonana. Ningefanya vilevile tena, na bado ninaumia. Kitenge kimo sandukuni, hakijafungwa mgongoni mwa mtu. Mara nyingine nakitoa, nakinusa, nakikunja. Natamani kumwona mama amefungia mtoto ndani yake, anazunguka nyumba akiimba vibaya kama kawaida yake. Lakini binti yangu sasa anafukuza kuku uani na kubeba kidumu chake cha maji.

Simu ikishika mtandao, mama hanijulii hali. Swali lake ni moja: "Iko na kilo ngapi?"

Mimi nisiyemsamehe mtu uongo, nampunguzia kilo. Juzi nilipunguza tano.

Akapima moyoni. "Iko vizuri," akasema. "Hiyo ningali naweza kubeba."